Katibu wa Kikao

Kwa miaka kumi na miwili, kila idara ilipokaa kikao, kalamu alipewa Mwanarehema. Ana mwandiko mzuri, walisema wenzake, na wanaume wale tisa na shahada zao wakaridhika kwamba kuandika ni kazi ya kike, kama kusonga ugali. Naye aliandika. Alikuwa na shahada ya uzamivu kama wao, ila alibaki mhadhiri wa muda, mwenye mkataba unaokufa kila muhula na kufufuliwa mwenyekiti akipenda.

Mwaka huu ikatangazwa nafasi moja ya kudumu, ya kwanza tangu aingie chuoni hapo. Waombaji walikuwa wawili: yeye, na Ronny, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye tasnifu yake aliisahihisha yeye mpaka nukta ya mwisho. Mwanarehema aliitaka mno nafasi ile. Ana watoto wawili, na tangu mumewe Mansur afariki kwa maradhi ya figo, nyumba nzima inautegemea mkataba ule.

Siku ya kupendekeza jina, mwenyekiti, Daktari Musyoka, alimwomba Ronny atoke nje ili wapate kumjadili kwa uhuru. Mwanarehema naye akainuka. Akaambiwa aketi, kwani akitoka nani ataandika? Akaketi. Basi wakamjadili mbele ya macho yake, bila haya, utadhani iliyokuwa pale ni kalamu tu.

Walikiri kwamba hakuna anayemshinda kwa kufundisha. Kisha Munga, mhadhiri mkongwe, akakohoa.

"Kijana huyu yuataka kuoa," akasema. "Dada yetu ana mume, tena yuafanya kazi bandarini. Hana dhiki."

Wakaitikia kwa vichwa. Mansur alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Munga mwenyewe alikuja nyumbani kwao Mtongwe kwenye hitima yake, akala akashiba. Na Musyoka ndiye aliyetia sahihi barua ya ruhusa ya eda, miezi minne na siku kumi, na vipindi vyake muhula ule akapewa Ronny.

Alitaka kusema. Aliogopa kwamba akifungua kinywa atalia, na machozi ya mwanamke kikaoni yangetosha kumkosesha hata mkataba. Akaandika yote neno kwa neno, na mume wake wa bandarini humo humo.

Jina la Ronny halingeweza kupelekwa kwa wakubwa mpaka kumbukumbu zithibitishwe, kwa hiyo wiki mbili nzima Mwanarehema aliishi kwa tumaini. Mmoja atakumbuka, alijiambia. Kikao kilipokaa tena, alizisoma kwa sauti kama ada ya katibu. Alipofika kwenye maneno ya mume, akayasoma mara mbili, akainua macho.

Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Munga akanyoosha mkono, na moyo wa Mwanarehema ukaruka.

"Hapo mwanzo imeandikwa nilichelewa," Munga akasema. "Mimi nilifika kwa wakati."

Akalirekebisha hilo. Kumbukumbu zikathibitishwa. Zilihitaji sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu, naye akatia yake.

Watu walipokuwa wakitoka, Musyoka alimsogelea. Si mtu mbaya, na alisema kwa upole wa kweli.

"Usivunjike moyo, nafasi nyingine zitakuja. Nisalimie mzee nyumbani."

"Salamu zitafika, inshallah," Mwanarehema akajibu.

Aliposhuka Mtongwe hakushika njia ya nyumbani. Alikwenda hadi kwenye ukuta wa makaburi, akasimama upande wa barabarani, kwa sababu wanawake wa kwao hawaingii mle ndani. Akamwambia Mansur kwamba Daktari Musyoka anamsalimu. Ndipo akalia, kilio alichokizuia kwa vikao viwili.