Lita Tisa Mpaka Dammam

Shemeji yangu Bu Jarrah alikuwa na gari moja na kauli mbili. Diwaniani, kwenye baraza la wanaume wenzake, lile gari lake la Kijerumani, silinda nane na nguvu za farasi mia sita, lilikuwa linanusa tu petroli. Nyumbani, mbele ya dada yangu, gari lilelile lilikuwa lafi lisiloshiba. Lilikuwa linabadilika tabia kila linapotajwa jina la Dammam.

Huko Dammam, Saudia, binti yao Anfal alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na dada yangu alikuwa hana usingizi kwa hamu ya kumwona mjukuu. Mumewe akamtajia bei ya petroli ya daraja la juu, akamtajia tairi za nyuma zinazoisha kama sabuni, akamtajia na breki. "Tungoje kidogo mambo yatulie," akasema, utadhani kuna vita. Na huyu ni mstaafu wa kampuni ya mafuta, tena Kuwait, ambako sijamsikia mtu aliyefilisiwa na petroli! Sote tulijua kisa chenyewe. Siku Anfal alipokataa kuolewa na binamu yake akamchagua Mishal, baba yake aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga nyumbani kwao. Kiapo kama hicho ni kizito kukirudia mbele ya mke anayelia. Petroli ni nyepesi.

Basi Jumatano moja diwaniani akajisahau, akasema gari lake halimalizi lita kumi kwa kilomita mia.

"Kumi?" Bu Rakan akaweka kikombe chini. "Langu la silinda sita linakunywa kumi na tano, na mimi naendesha kama bibi harusi!"

"Wewe hujui kuendesha."

"Na wewe hujui kusema kweli."

Kikao kizima kikacheka. Ikaamuliwa aende mpaka Nuwaisib, mpakani na Saudia, na kurudi, nami nikae kando yake kama shahidi, nisome wastani kwenye dashibodi. Ukizidi kumi, atatulisha mwana-kondoo mzima na asilitaje gari lile diwaniani mwaka mzima. Kondoo hakumtisha.

Kesho yake alfajiri tukamkuta dada yangu ameshakaa kiti cha nyuma, abaya yake imepigwa pasi.

"Unakwenda wapi, Umm Jarrah?"

"Nakwenda kupimwa. Gari la familia hupimwa na familia ndani."

"Utaongeza uzito."

"Miaka yote hii hukuuona uzito wangu, umeuona leo?"

Nikageukia dirishani, nisije nikacheka nikaharibu ushahidi.

Tukaondoka mwendo wa maiti. Kiyoyozi alikizima. Madirisha aliyafunga, maana upepo ukiingia, alisema, unalivuta gari nyuma. Jua lilipopanda tukaanza kuiva. Kanzu yangu ilinigandama mgongoni, na mbele yetu farasi mia sita walikuwa wanatembea kwa miguu. Lori la maji likatupita. Likaja pikapu la kondoo, nalo likatupita, kisha dereva wake akapunguza mwendo na kushusha kioo.

"Ami, mmeharibikiwa? Niwavute?"

"Tuko salama, mwanangu, Mungu akuhifadhi," Bu Jarrah akamjibu kwa tabasamu la meno matupu. Kijana alipokwisha kwenda akanung'unika, "Mwone! Breki zote hizo nani atamlipia?"

Lakini wastani ulikuwa unashuka. Nilisoma kumi na moja, nikasoma kumi na nukta mbili, na niliposoma tisa na nukta saba mzee mzima alipiga usukani kwa furaha. Nilimwonea wivu. Tangu astaafu sikuwahi kumwona na furaha namna ile.

Tulipofika Nuwaisib akaanza kutafuta pa kugeuzia.

"Geuza turudi," dada yangu akasema taratibu. "Ila ule upepo wa shamali."

"Shamali imefanyaje?"

"Inatusukuma mgongoni tangu nyumbani. Ukigeuza, utaipokea usoni njia nzima. Lakini wewe ndiye dereva, unajua zaidi."

Bu Jarrah akatazama bendera za pale mpakani. Zote zilikuwa zimenyooka kuelekea Saudia.

"Mpaka Khafji tu, hapo ng'ambo," akasema.

Shahidi mwenye haya angepinga. Nilitazama kioo, nikauona uso wa dada yangu, nikafunga mdomo. Kwenye dirisha la vitambulisho Bu Jarrah alizima injini, akamharakisha karani kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Khafji tukaipita kwa tisa na nukta tatu, kwa sababu kusimama pale kungeharibu hesabu. Kila mji uliofuata ulikuwa na sababu hiyohiyo. Hakuna aliyetamka Dammam. Halafu kitu kikagonga nyuma.

"Nini hicho kwenye buti?"

"Makopo ya maziwa ya mtoto," dada yangu akajibu, bila hata kupepesa macho.

Masikio ya Bu Jarrah yakawa mekundu. Nilishika mlango nikiogopa atasimama katikati ya barabara. Akaitupia jicho namba ya wastani.

"Nikifunga breki hapa," hatimaye akasema, "nitapoteza mwendo wote huu."

Tulifika getini kwa Mishal adhuhuri, wastani tisa kamili. Dada yangu alishuka kabla gurudumu halijatulia. Bu Jarrah akabaki ameshika usukani, injini inanguruma. Anfal akatoka na mtoto kifuani.

"Karibu ndani, baba."

"Niliapa, mwanangu. Mguu wangu..."

"Najua. Basi usikanyage."

Akanitoa kwenye kiti changu, akakaa yeye, akamweka mtoto kwenye mapaja ya babu yake. Mtoto alikuwa mwekundu kwa joto, amekunja uso tayari kulia. Bu Jarrah akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Mimi, niliyeokwa tangu Kuwait bila kuonewa huruma na mtu, nikapata baridi nikiwa kiti cha nyuma.

Hakushuka. Mishal alileta kahawa akammiminia kupitia dirishani, naye akapokea bila kumtazama. Kikombe cha pili alimtazama. Likaja sinia la wali na samaki, tukalila humo humo garini, injini inaendelea, na namba inapanda polepole. Shahidi ni shahidi. Niliisoma kila ilipobadilika, na hakuna aliyenijali.

"Kumi na nukta moja, shemeji," nikasema mwishowe. "Umeshindwa."

"Punguza sauti," akanong'ona. "Mtoto amelala."