Anguko la Mpiga Baragumu

Kwa miaka yote aliyotunga muziki mjini Vienna, Leopold Grünzweig hakuwahi kusikilizwa. Muziki wake kuchezwa ulichezwa, lakini watu wa mji ule, orkestra ilipoanza, ndipo nao walipoanza kuulizana habari za ndoa, kumenya njugu na kuitana kutoka roshani hadi roshani. Jioni hiyo alikuwa na haja moja tu: sehemu ya pili ya simfonia yake, ile ya polepole aliyoitunga baada ya kumzika mkewe Walburga, isikilizwe japo mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Akasimama mbele ya orkestra na kuinua kijiti chake cha kuongozea. Ukumbi nao ukaanza soga.

Katikati ya sehemu hiyo ya pili, mahali ambapo fidla hunyamaza na baragumu hubaki peke yake, kiti cha mpiga baragumu, Kajetan Obermoser, mtu wa mwili hasa, kilivunjika miguu. Baragumu likalia kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa, kisha kishindo.

Ukumbi ukawa kimya. Mwanamke mmoja akaangua kilio, na watu wote wakainuka.

"Irudiwe! Irudiwe!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: kipande kikiwapendeza wasikilizaji hurudiwa papo hapo, na mtunzi anayekataa huhesabiwa amewatukana.

Diwani Trauttenberg, ambaye neno lake juu ya muziki lilikuwa sheria mjini, akapanda jukwaani, masharubu yamelowa machozi.

"Mwalimu, umetuonyesha anguko la mwanadamu! Umelitoa wapi? Hebu lete kichwa." Bila kungoja ruhusa akaanza kumpapasa, kwa kuwa alijigamba kuijua elimu ya mafuvu, ile ya kusoma vipaji vya mtu katika nundu za kichwa chake. "Ahaa! Hii hapa, nyuma ya sikio. Nundu ya kipaji!"

"Mheshimiwa Diwani, hilo ni jipu."

"Jipu kitu gani! Wewe tunga, mambo ya kichwa chako niachie mimi."

Grünzweig akajinasua, akawageukia watu. "Mabibi na mabwana, sikuandika anguko lolote. Kiti kimeliwa na wadudu."

"Tazameni unyenyekevu huo!" sauti ikatoka roshani ya juu.

"Na hao wadudu wapewe nishani!"

Obermoser alikuwa angali sakafuni, akijikanda nyonga. "Mwalimu, mimi sianguki tena. Nina mke."

Grünzweig alijua kwamba kiti kibovu kingine hakingekosekana, na kwamba akikubali tu mtu aanguke tena, kesho magazeti yote yangemwita bingwa asiye na mfano. Alikaa kidogo akiliwaza hilo, akaona aibu.

"Nani kakwambia uanguke? Keti juu ya sanduku la ngoma, upulize kilichoandikwa."

"Wataniua, Mwalimu!"

"Watakuzomea tu. Tena wataanza na mimi."

Akainua kijiti. Safari hii hakuna aliyemenya njugu. Kila mtu alijua anguko linakuja, lakini hakujua litakuja kwenye noti ipi. Basi ikawalazimu kuzifuata zote, moja baada ya moja, shingo zimenyooka. Fidla zikanyamaza. Baragumu likabaki peke yake, likapanda, likashuka taratibu, sauti yake nyembamba na safi, jinsi Walburga alivyokuwa akiimba huku akikanda unga, bila kujua kama yuko mtu anayemsikia. Diwani aliubana mdomo wake kwa mikono miwili. Hata kijiti kiliposhushwa, watu waliendelea kusikiliza.

"Hakuanguka!" mtu akapiga kelele.

"Wezi! Turudishieni anguko letu!"

Maganda ya njugu yakaanza kunyesha jukwaani. Grünzweig akainama mbele yao, akainama sana, kama ainamavyo mtu aliyetendewa fadhila kubwa.

"Mwalimu, wanatuzomea," Obermoser akanong'ona.

"Nasikia. Futa mdomo wa baragumu, Kajetan. Bado sehemu ya tatu."