Mume Wangu Alipojilaza Kwenye Kabati

Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Alianza kwa kuzitengeneza, akaishia kuzionea wivu. Kilichomuuma zaidi ni namna zinavyolala. Kuna ule usingizi wa juujuu, aliniambia, ambao umeme lazima uendelee kuilisha mashine kidogokidogo. Halafu kuna usingizi wenyewe: mashine inasimamisha kazi zote, inaandika kwenye diski kila ilichokuwa nacho kichwani, kisha inajizima kabisa. Hata uchomoe waya. Ukiiwasha, inaendelea palepale ilipoachia.

"Mtu angeweza hivyo," alisema, "asingechoka maishani."

Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii.

Alichagua kabati la chumbani liwe diski yake. Akatoa nguo zote, akapiga marufuku mtu yeyote kuligusa, maana nafasi ya kujiandikia lazima itoshe kichwa kizima. Kabati tupu, nyumba imejaa vitu! Nilivumilia wee, mwisho nikashindilia mablanketi ya wageni kwenye rafu ya chini. Nani angejua?

Wakati huo nilikuwa na langu rohoni. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na hospitali mpya ya mji wa mbali ilinitaka nikaongoze wodi yao. Nilitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Jumatatu jioni nikamkalisha mume wangu sebuleni, mama yake na dada yake wakiwepo, nikamuuliza waziwazi: tunahama wote, au niende peke yangu?

Akaweka kikombe chini, akainua kidole. "Kusema kweli, mke wangu, mimi naona..."

Akazimika.

Nikamshika mkono, mapigo hakuna. Maiti nazijua, na huyu hakuwa maiti. Huyu alikuwa mwanamume aliyekwepa swali. Kule chumbani kabati lilikwaruza kama mtu anayeandika mbiombio, kisha likanyamaza.

Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. "Msiguse kitu!" akaamuru. "Akiamka atajua ni leo hiihii. Akikuta mambo yamegeuka, atavurugikiwa."

Basi tukaishi ndani ya Jumatatu. Kalenda haikufunuliwa. Wifi yangu, ambaye alikuwa ameegemea mlango akitafuna karoti, ilibidi arudi kila jioni akitoka kazini, aegemee mlango, atafune karoti. Wateja waliofuata kompyuta zao waliombwa waongee kwa sauti ya Jumatatu, nao wakaongea hivyo, wala hakuna aliyeuliza ikoje. Chai ya mume wangu iliota ukungu, na ole wake ambaye angeimwaga.

Alhamisi uvumilivu ukanishinda. "Mama, kesho lazima nijibu."

"Mwanangu, mwenzio yuko katikati ya sentensi. Hukufundwa kumwacha mtu amalize?"

Nikambonyeza mume wangu pua, kama anayewasha mashine. Kabati likakwaruza tena, macho yake yakapata uhai.

"...tuhame wote," akasema, kidole bado juu.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamkumbatia. Akajitoa taratibu, akanitazama kwa adabu. "Samahani, dada. Umehudumiwa?"

Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, nilikuwa naongea na mke wangu. Yuko wapi?"

Mama yake alimjua. Dada yake alimjua, na karoti yake. Maneno ya siri ya wateja aliyakariri yote bila kukwama. Alipofungua kabati na kuyaona mablanketi, akaguna kifundi.

"Nafasi haikutosha," akasema. "Ikiwa hivyo, mashine haiandiki kila kitu. Inatupa kwanza vile inavyoweza kuvisoma tena palepale vilipo. Neno la siri likipotea limepotea. Lakini mke yupo tu."

"Yupo tu?"

"Siku zote yupo. Ndivyo nitakavyokuwa nimefikiri."

"Ni sifa hiyo, mwanangu," mama mkwe akanong'ona. "Anakuamini."

Sikujua nilie au nimzabe kofi. Iliniuma, tena iliniuma vibaya, kwa sababu hakuwa amekosea: tangu anioe, hakuna siku aliyoinua macho asinikute. Nikapiga simu hospitalini palepale, nikasema nakuja. Ijumaa asubuhi nikabeba sanduku langu, nikaenda stendi.

Nilikuwa nimeshakaa, mkoba nimeuweka kwenye kiti cha pembeni, nilipomwona akipanda ngazi za basi akihema, begi limefungwa upande mmoja, soksi inaning'inia. Akapita kiti kwa kiti akiwatazama wanawake usoni, mmoja mmoja, mpaka akanifikia. Hakuonekana kuwa na uhakika.

"Samahani, hapa pana mtu?"

"Pana mtu," nikamwambia. "Namngoja mume wangu."

Akatazama kile kiti, akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Atakuja?"

"Sijui."

Akaweka begi sakafuni, akashika bomba la juu. "Basi nitasimama hapa," akasema, "mpaka afike."

Gari likaondoka.