Majigambo ya Binti Rwezaura

Dokta Ainomugisha alikuwa na ugonjwa mmoja ambao saikolojia yake yote haikuuponya: hakujua kujisifu. Shahada ya kwanza ya falsafa, mbili za saikolojia, miaka kumi na miwili akizunguka Kyerwa kuwauliza wafugaji mtu hufanyaje akifiwa na mifugo yake yote. Kisha anaitwa mbele ya jopo la uprofesa na kusema nini? "Tulijaribu kidogo, mimi na wenzangu." Wenzake gani, jamani? Kazi ile aliifanya peke yake, kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Jopo likamwandikia kwamba mchango wake binafsi hauonekani, arudi baada ya miaka mitatu.

Mitatu ikaisha. Ilipobaki wiki moja asimame tena mbele ya jopo, akaenda nyumbani Bugomora kupumua.

Baba yake, mzee Rwezaura, ni mfugaji, na kwa majigambo hana mpinzani. Harusini, kwenye ubatizo, popote penye watu watatu, atasimama ataje ng'ombe aliowaokoa na mito aliyoivuka, bila kuvuta pumzi. Watu humcheka, na bado humsubiri.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Safari hii utawaambia nini hao?"

"Kazi itajisemea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Umeona wapi ng'ombe akijipeleka mnadani?" Mzee alikasirika kweli. "Simama. Taja jina lako, la baba yako, ulikopita, ulichofanya. Ukisema 'labda', unaanza upya."

"Tata, majigambo ni ya wanaume."

"Na huo utafiti ulifanywa na wanaume?"

Hapo msomi akainuka. Siku nne alisimama malishoni akijigamba mbele ya ng'ombe, baba yake akimkatiza. Siku ya kwanza alianza upya mara tisa, masikio yakimwaka kwa aibu. Siku ya nne alifika mwisho bila kukwama, akajikuta analia, maana hakuwahi kuyasikia maisha yake yakisemwa kwa mpigo mmoja. Kumbe alikuwa amefanya mengi.

Kwenye jopo walimwambia akae. Hakukaa.

"Mimi ni Ainomugisha binti Rwezaura. Nimetembea Bugomora hadi Kibingo nikiuliza swali ambalo vitabu tulivyosomeshwa havikuuliza. Wafugaji mia mbili na kumi nimewasikiliza mimi. Kipimo cha majonzi yao nimekitunga mimi, na leo wanafunzi wangu sita wanakifundisha."

"Na wenzako je?" akauliza mwenyekiti.

"Wenzangu wakiitwa, watasema ya kwao."

Mwenyekiti akainama, akaandika kwa muda mrefu.

Barua ya uprofesa ilifika mwezi wa tano. Rwezaura akachinja, na majirani wakajaa uani. Walipokwisha kula, Mbonimpa, jirani yao wa siku nyingi, akamchokoza: "Haya mzee, tuambie ulivyomfundisha huyu mpaka akawa profesa." Watu wakavuta viti karibu, wakijua hapo hawatoki mapema.

Mzee akasimama. Akamtazama binti yake mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Mimi sikufanya kitu," akasema. "Ni yeye."

Akaketi.