Rangi Nyekundu Kwenye Mikaratusi

Kule Vuhovi, mti ukipakwa rangi nyekundu ujue umeshauzwa. Wapasuaji mbao wakiuona hawaulizi mtu. Ndivyo mambo yalivyo tangu enzi za baba yake Emérence, na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza mafundi wa mradi wa kaboni.

Mafundi hao walihesabu mikaratusi ya Emérence, wakaiandika namba nyekundu, wakaenda zao. Mkataba ulisema kijiji kisikate miti miaka ishirini na mitano, ifyonze hewa chafu, ili viwanda vya ng'ambo viendelee kufuka moshi kwa roho nyeupe, nacho kituo cha afya kipewe sola. Viwanda havikumhusu Emérence. Alimwaza mkwewe Falonne, mwenye mimba ya miezi minane. Mjukuu wa kwanza alizaliwa kituoni hapo kwa tochi ya simu, simu ikazimika, na mtoto hakulia kamwe.

Siku Emérence alipokwenda soko la Butembo, Kadogo mpasuaji alipita na mashine yake kwenda kukata miti ya kilima cha pili. Akaona rangi, akaanzia hapo. Jioni haukubaki mti wenye namba.

“Mama, niliona rangi,” Kadogo alisema, kofia mkononi.

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Emérence. Hakuwa na wa kumgombeza, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi akaja Delphin, karani wa mradi.

“Mama Emérence, hekta imepunguka. Donc sola itaenda kijiji ingine.”

“Andika ni mupepo iliangusha.”

“Mupepo haina mashini, Mama.”

“Lakini ile mbao ni ya milango na ya paa. Moshi iko wapi?”

“Kwa hii karatasi ya formulaire, muti ya kukatwa ni moshi.”

Emérence alikuwa na hasira, tena hasira ya haki, lakini haki haiwashi taa.

“Shamba yangu ya maharagi inatosha kujaza hiyo hekta,” alisema. “Mupande miti pale.”

“Na utakula nini?”

“Andika tu.”

Delphin akaandika: miaka ishirini na mitano. Emérence alikuwa na sitini na mitatu, na hesabu aliijua. Akatia sahihi, akateremka shambani, akaanza kung'oa maharagwe yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, huku akilia bila kujificha.