Nyuzi Sitini na Mbili

Saa nne asubuhi fundi alipiga magoti kwenye zulia la ofisi, akafungua kabati lililokuwa chini ya meza ya mchoraji, na joto likampiga usoni kama amefunua sufuria jikoni.

"Nani kaificha kompyuta humu?"

"Bosi. Wateja wakija hapendi waone waya."

Mchoraji alikuwa mtoto wa kaka yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, na kwa miezi minne sasa, kadi ya picha ya kompyuta hiyo ilipopanda joto, naye alipanda nayo, nyuzi kwa nyuzi. Mashine ikiwa imezimwa alikuwa mtu kama watu. Kazi ikikolea kadi ilifika themanini na saba, naye akafika themanini na saba. Zahanati walimpima mara mbili. Muuguzi aliiandika namba hiyo kwenye cheti, akamshauri anywe maji mengi. Ofisini walishamzoea. Karani alikuwa akiegesha kikombe cha chai begani kwake kisipoe, na kila mara alimwomba radhi kwanza, maana alikuwa mstaarabu. Ikifika saa kumi na moja mashine ilizidiwa, ikajizima yenyewe, na mchoraji akarudi nyumbani amepoa, akala, akalala usingizi wake.

Juzi ndipo alipompigia shangazi yake. Huyu alikuwa ametengeneza majokofu miaka kumi na minane kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na wateja walimwita Mama Feni. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Shangazi, utaweza?"

"Ningekuwa siwezi ningepanda ngazi zote hizi na magoti haya? Kaa hapo. Ukisikia nafuu, niambie."

Alilitoa kasha la kompyuta kabatini, akalilaza juu ya meza, akafungua ubavu wake. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye mapezi ya kupozea ya kadi kama blanketi. Waya zilikuwa zimerundikwa mbele, zimeziba njia. Feni ya mbele ilivuta hewa kuingia ndani, na ya nyuma, ambayo mtu aliifunga kinyumenyume, nayo ilivuta kuingia ndani. Hewa hizo mbili zilikuwa zikikutana katikati na kukosa pa kwenda.

"Hawa walitaka kupika," alisema Mama Feni.

Akapuliza vumbi lote dirishani mwa korido. Akageuza feni ya nyuma ili itoe, akaongeza mbili mbele za kuingiza na moja juu ya kutoa, akazikusanya waya na kuzifunga nyuma ya bati. Aliifungua kadi, akafuta ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyokauka kama ukoko, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kasha halikurudi kabatini. Alilisimamisha juu ya meza, mbali na ukuta, mahali linapoweza kupumua. Kisha akaiwasha mashine, akaipa picha nzito kuliko zote.

Namba ikapanda: hamsini, hamsini na nane, sitini na mbili. Ikasimama hapo.

Mchoraji alifunga kifungo cha juu cha blauzi yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu miezi minne iliyopita. "Shingo imeachia, shangazi. Naweza kushika karatasi bila kuikunja."

"Nilikwambia." Mama Feni alijifuta mikono, ameridhika. "Lakini hapo ndipo kasha lilipofika mwisho. Kilichobaki ni chumba."

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa nyuma ya rafu ndefu yenye tuzo za bosi. Bosi mwenyewe aliingia wakati huohuo, akasoma namba kwenye kioo, akacheka kwa furaha.

"Fundi, wewe ni moto!"

"Moto ni huyu mwanangu. Isogezeni hiyo rafu, dirisha lifunguliwe. Mashine haiwezi kupoa kuliko hewa unayoipa. Dirisha likiwa wazi naishusha chini ya hamsini."

"Kwani sitini na mbili ni mbaya kwa kadi?"

Mama Feni hakujua kusema uongo kuhusu mashine. "Kwa kadi ni nzuri sana."

"Basi imetosha," alisema bosi, akampa mkono. Alimgeukia mchoraji na kumpa mkono pia, akauachia haraka, akaupuliza. Hakuna aliyelitia hilo maanani.

Saa kumi na moja ilifika na mashine haikujizima. Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Bosi alichungulia mlangoni, amekwishavaa koti.

"Sasa inahimili, siyo? Basi iache ichore mpaka asubuhi. Na kesho vilevile. Kazi za mwaka mzima tutazimaliza."

"Sawa, bosi," alisema mchoraji.

Alichukua mkoba wake. Katika korido shangazi, aliyekuwa amemsubiri, alimgusa kiganja cha mkono. Kilikuwa sitini na mbili, kama alivyotarajia.

"Acha kazi hii, mama. Mimi nitakufundisha yangu."

Mchoraji alitundika mkoba begani. "Nikiacha, shangazi, joto litabaki huku na mashine, au nitaondoka nalo?"

Mama Feni alikuwa na jibu la kila swali kuhusu feni, waya na chipu, na hakuwahi kumdanganya mteja.

"Sijui," alisema.

Wakashuka ngazi pamoja, mchoraji akiwa ameiacha reli ya chuma ya ngazi kwa ajili ya shangazi yake, kwa sababu angeishika yeye isingeshikika tena. Huko juu mashine ilikuwa inavuma sawasawa, hewa ikiingilia mbele na kutokea nyuma.