Saruji Kwenye Ukuta wa Chokaa

Barua ilimtaka dada yake Fundi Chokaa ahame ndani ya siku saba, kwa kuwa ukuta wa mbele umechoka kwa uzee. Fundi aliisoma mara mbili.

"Umechoka?" alimwuliza afisa wa majengo ya kale, kijana wa shati lililonyooshwa, aliyesimama chumbani na faili kwapani. "Ukuta huu umesimama tangu babu yetu hajaoa. Mwaka jana mkaja, mkautundikia kibao cha jengo la kihistoria, mkaupiga lipu ya saruji ndani na nje. Nikawaambia nini?"

"Mzee, saruji ni imara."

"Nikawaambia nini?"

Dada mtu, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, ndiye aliyejibu. "Alisema ukuta wa mawe na chokaa hupumua, mkiuziba utaoza. Mkamcheka. Yule mkandarasi wenu akamwita profesa."

Miaka arobaini Fundi alizipiga lipu nyumba za mtaa ule, kwa chokaa aliyoiloweka shimoni miezi mitatu kabla ya kuigusa kwa mwiko. Leo watu wasiojua hata kuushika mwiko wanamsomesha uzee wa ukuta. Akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa tindo na nyundo.

"Mzee, usiguse. Kugusa jengo la kihistoria bila kibali ni kosa."

"Kumbe kuliua kuna kibali, kulitibu hakuna."

Akagonga. Bamba la saruji, pana kama sinia, likaanguka sakafuni. Nyuma yake jiwe lilikuwa jeusi kwa unyevu, maji yakichuruzika.

"Weka mkono, mwanangu."

Afisa alisita, kisha akaweka. Mkono ukarudi umelowa, chembe za chokaa iliyooza zimeganda vidoleni.

"Ripoti ya ukuta imeshapita kwa mkuu wangu," alisema, sauti imemwishia.

"Basi kamwonyeshe mkuu huo mkono."

"Na barua yako siipokei," alisema dada mtu. "Pa kutia sahihi yangu andika nimekataa. Kaka, usisimame hapo kama picha. Bandua yote."

Afisa akafungua faili, akaanza kuandika kosa. Fundi Chokaa akamtajia majina yake matatu, polepole, asije akakosea hata moja, kisha akainua nyundo.